Uji wa Mzazi

Habari hii niliisikia kwanza kwa Bibi Sikudhani, mkunga aliyenizalisha. Alinieleza hivi.

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto wa siku tisa. Mume wake alikuwa vitani. Kijijini kwao mzazi hatoki nje mpaka arobaini iishe, na majirani humpikia uji kwa zamu ili apate maziwa ya kutosha. Siku hiyo ya tisa askari wa upande wa adui alitambaa hadi kwenye kibanda chake cha kuni. Mguu wake ulikuwa umeoza, na bunduki alikwisha kuitupa. Mwanamke aliugawa uji wake mara mbili.

Baada ya siku mbili majirani waligundua. Walikuja wote, na mbele yao Mama Nangoma, ambaye nyumba yake ilichomwa na wenzake yule askari.

"Kumbe ulijifungua pacha," alisema Mama Nangoma, "na mmoja ana ndevu."

Wengine walicheka. Mama Nangoma akasema uji hautaletwa tena mpaka yule mtu atolewe. Mwanamke alimtazama mtoto wake. Maziwa yalikuwa yameanza kupungua, naye alijua. Hakuwa amewahi kubishana na mtu aliyemzidi umri.

"Sikatai kwamba walikuchomea nyumba, mama," alisema. "Lakini huyu kaingia kwangu anaumwa, na kwangu hatoki na njaa."

Kesho yake uji haukuja. Mwanamke alimfunga mtoto mgongoni, akachukua jembe, akatoka mchana kweupe kwenda kuchimba mihogo, siku ya kumi na mbili tu tangu ajifungue. Alipita katikati ya kijiji, si nyuma ya nyumba. Watu walisimama milangoni wakimtazama. Aliichemsha ile mihogo, akaigawa mara mbili.

Hapo Bibi Sikudhani aliishia. Nilisubiri aniambie kama mtoto alinenepa. Hakuniambia. Aliniuliza tu: "Kilichovunja mwiko ni kipi, miguu iliyotoka nje au mikono iliyozuia uji?"

Wakati aliponisimulia hayo, askari wa adui waliotekwa walikuwa wamefungiwa darasani katika shule yetu, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametukataza kuwapa hata maji. Asubuhi iliyofuata nilijaza ndoo, nikapita nayo mbele ya ofisi yake, mwenyewe akiwa amekaa barazani, nikaenda shuleni.