Firigisi Moja na Mstari Mwembamba

Nyanzobe alikuwa na watoto watatu wakubwa. Ngassa, fundi baiskeli, alijaliwa mikono. Limi, mpimaji wa zahanati, alijaliwa subira. Luhende, mpiga picha za pasipoti, alijaliwa macho. Kitinda mimba, Sayi, wiki ile alikuwa na homa tu.

Nyanzobe alikuwa akifua, povu limemfika viwikoni, Limi alipoingia uani.

"Mama, kipimo kimesema tena hana malaria."

"Cha tatu hicho. Mtoto anatetemeka, kipimo kinasema mzima. Basi tukilaze kipimo, Sayi aende shule?"

"Ni kipimo cha bei rahisi, mama. Vijidudu vikiwa vichache hakivioni. Na tabibu hatoi dawa bila kuona mstari wa malaria kwenye kipimo."

Nyanzobe akaziacha nguo kwenye beseni. "Basi kisaidieni kuona. Mko watatu, na wote nimewasomesha."

Ngassa akapindua baiskeli, akafunga kichupa cha damu ya Sayi, iliyotolewa na Limi, kwenye spoku, akazungusha pedali hadi shati likalowa. Damu ikajitenga, vijidudu vikakusanyika tabaka moja.

Limi akachota tone la tabaka hilo, akalitia kwenye kipimo. Dakika ya tano baba yao, mzee Mabula, akanyoosha mkono akitupe. "Hamna kitu hapa." Limi akaushika mkono. "Dakika ishirini, baba." Akakodolea saa, hata nzi hakumfukuza.

Ishirini zikatimia, hawakuona kitu. Luhende akakiweka juu ya karatasi nyeupe, akakipiga picha, akakoleza rangi kwenye simu. Mstari ukajitokeza, mwembamba kama unywele. Wakakipeleka kipimo zahanati; tabibu akautazama mstari kwa lenzi, akatoa dawa.

Siku ya tatu Sayi akaomba ugali. Nyanzobe akachinja kuku. Katika nyumba ile firigisi ni ya baba, lakini Mabula akaisukuma. "Leo apewe aliyemwokoa mtoto."

"Bila gurudumu langu mngepiga picha ya nini?" akasema Ngassa.

"Bila mimi kingekuwa jalalani," akasema Limi.

"Nyote mlikitazama mkasema hamna kitu," akasema Luhende.

"Nimefua, nimekesha, nimepika," akasema Nyanzobe. "Sasa niamue na kesi ya kuku."

Akapakua, akahesabu vichwa mkekani pamoja na chake: sita, wote wapo. Ugali unapoa, firigisi ingali kwenye upawa wake. Nawe uliyesikiliza, ungempa nani?