Mbeleko ya Havintishi

Hapo zamani, zamani ya watu waliokuwa wakisuka mikeka yao wenyewe, kulikuwa na kijiji chenye desturi moja. Ishikeni hiyo desturi, maana hadithi yote imekaa humo.

Binti akiolewa, upande wa bwana harusi huleta kitambaa kipya. Kinaitwa mbeleko. Anapewa yule aliyembeba binti mgongoni alipokuwa mdogo, na huyo aliyepewa ndiye atakayembeba mtoto wa kwanza wa yule binti. Hakikatwi, hakigawanywi. Na kama hakijapokewa, bibi harusi haondoki.

Siku zote hakuna maneno. Mama anapokea, vigelegele vinapigwa, watu wanakula.

Sasa, katika kijiji hicho walikuwapo mke na mume, Somoe na Mshamu. Wakapata mtoto wao wa kwanza, wa kike. Mama yake Mshamu, Bi Arafa, akachukua mwiko akagonga sufuria karibu na kichwa cha mtoto. Mtoto hakushtuka. Akafumbua jicho moja, akamtazama bibi yake, akalifumba.

"Huyu vishindo havimtishi. Ni Havintishi," Bi Arafa akasema. Jina likawa hilo.

Havintishi hakutambaa sana. Alisimama, akatembea, akaona kutembea kunamchelewesha, akakimbia. Somoe anamtoa kwenye banda la kuku, mara yuko juu ya kinu. Anamshusha kwenye kinu, mara yuko ndani ya tenga la mihogo, miguu juu. Havintishi mbele, mama nyuma.

Somoe hakuwa amewahi kulea. Kwao yeye ndiye alikuwa wa mwisho. Aliambiwa mtoto hulala mchana. Havintishi hakulala mchana. Aliambiwa mtoto akicheza sana huchoka. Aliyechoka alikuwa Somoe. Na mgongoni mtoto hakai. Ukimfunga kwa kanga anapiga mateke mpaka fundo linalegea, huyo kateremka, katoka. Havintishi mbele, mama nyuma.

Bi Arafa anakaa barazani anachambua kunde, anawatazama wanapita.

"Mkwe wangu, mtoto habebeki. Mbeleko utaipokea kwa lipi?"

"Nitaipokea kwa mbio, mama."

"Mbeleko ya mbio sijaiona tangu nizaliwe."

Wanacheka wote wawili. Lakini Somoe akirudi kwenye mkeka wake yale maneno yanamrudia. Mtoto wake wa kwanza, halafu siku ya harusi akae pembeni kama mgeni? Anasuka, anawaza.

Akapata dawa. Akatafuta njuga, zile kengele ndogo za miguuni, akamfunga mtoto miguu yote. Basi akawa anasuka huku anasikiliza. Cheke cheke, yuko jikoni. Cheke cheke, yuko kwa kuku. Zikinyamaza Somoe anaruka, maana huyu akinyamaza kuna kitu anakila.

Sasa Havintishi alikuwa na rafiki yake, mwanambuzi mweupe. Siku moja akaona yeye ana njuga, mbuzi hana. Akalia. Akalia asubuhi nzima. Mama yake alikuwa kisimani, na Mshamu hakuweza kabisa kustahimili kumsikia mtoto akilia. Akafungua njuga za mguu mmoja, akamfunga mbuzi. Kilio kikakatika palepale. Mshamu akajiona fundi, akachukua jembe akaenda shamba. Hakumwambia mkewe.

Somoe akarudi, akaketi kwenye mkeka. Cheke cheke, nyuma ya nyumba. Vizuri. Cheke cheke, bado nyuma ya nyumba. Leo mtoto katulia, akasema moyoni, leo Mungu kanionea huruma. Akasuka mpaka ukindu ukamwishia. Akaenda nyuma ya nyumba kumchukua mwanawe, akakuta mbuzi anamtazama.

Wakati huo Havintishi ameshafika bondeni, kwenye shimo la udongo. Mvua zilikuwa zimenyesha, shimo limejaa maji. Pale alikuwapo Tabu, mfinyanzi, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto. Alikuwa na ungo kichwani, na ndani ya ungo vyungu vya mwezi mzima, vimekauka, anavipeleka kuchoma. Akaona kitu kidogo kinakwenda mbio kwenye ukingo wa shimo.

Tabu akaachia ungo. Vyungu vyote vikapasuka. Akamdaka mtoto kwa nguo, mguu mmoja uko tayari hewani.

Hakumpiga, hakumkemea. Alimfunga mgongoni kwa kanga yake, akaanza kupanda naye kijijini. Na mtoto yule aliyeikataa migongo yote, akalala.

Njiani akakutana na Somoe anakimbia, mtandio umebaki miibani huko nyuma.

"Ni wako huyu?"

"Wangu."

"Kalala."

"Hajawahi kulala mchana."

"Basi leo kalala."

Somoe akakaa chini, katikati ya njia, akalia taratibu ili asimwamshe.

Jioni Mshamu akaulizwa habari ya mbuzi. Kesho yake asubuhi akachukua kanga ya mkewe, akamfunga Havintishi mgongoni mwake, akaenda naye shamba. Wanaume wenzake wakaacha kulima.

"Hujambo, Mama Havintishi? Leo unanyonyesha saa ngapi?"

"Baada ya palizi," Mshamu akajibu, akainama akaendelea.

Mtoto akampiga mateke ya mbavu, ya kiuno, ya figo. Hakumshusha. Kesho tena, na keshokutwa tena. Msimu mzima alilima na mtoto mgongoni, mpaka watu wakachoka kucheka.

Jioni, baba akirudi, Havintishi anashuka mgongoni na kwenda mbio kwa Tabu kuchezea udongo. Giza likikaribia Tabu anamrudisha mgongoni, kalala.

Na Somoe? Somoe alifungua njuga zilizobaki akazirusha juu ya paa. Akasema, "Sitamsikiliza tena. Nitamwona." Akaukunja mkeka. Waliokuwa wakimwagiza mikeka wakaenda kwa wengine. Saa zote ambazo mtoto hayuko kwa baba wala kwa Tabu, Somoe yuko nyuma yake. Akipanda, mama yuko chini na mikono wazi. Akichutama kutazama siafu, mama anachutama. Akiuliza hiki nini, mama anajibu, hata kama ameulizwa sasa hivi.

"Mwaka unaisha hujambeba," Bi Arafa akasema.

"Hataki kubebwa, mama. Anataka kufuatwa."

Havintishi mbele, mama nyuma. Mpaka mtoto akawa msichana, na msichana akapata mchumba.

Siku ya harusi ikafika. Mshenga akasimama na kitambaa, akauliza kama inavyoulizwa siku zote, "Nani alimbeba binti huyu?"

Somoe akanyoosha mikono. Bi Arafa, mzee sana sasa, akakohoa.

"Ngojeni. Swali ni nani alimbeba. Semeni kweli."

Tabu alikuwa nyuma, karibu na masufuria. Watu wakageuka kumtazama.

"Sikuja kudai," Tabu akasema. "Lakini nikinyamaza nitakuwa nimedanganya. Kama si mimi, leo hamna harusi. Mgongo wa kwanza aliolalia ni huu. Nyinyi mtazaa tena, mtaoza tena. Mimi mbeleko nyingine itanitoka wapi?"

Mshamu akasema, "Dada Tabu, ulimbeba kutoka bondeni, na jioni akiwa kalala. Mimi nilimbeba mchana, yu macho, anapiga mateke. Nilichekwa, na sikumshusha. Desturi inasema aliyebeba. Haikusema mwanamke."

"Wewe ulibeba kosa lako," Somoe akamwambia. "Nani alimfunga mbuzi njuga?"

"Mimi. Na nani alisuka mkeka mpaka ukindu ukaisha?"

Somoe akasema, "Mimi. Na baada ya siku ile sikusuka tena. Nilimbeba tumboni, jamani, au hiyo haihesabiwi? Alipotoka hakutaka mgongo wangu. Ningemlazimisha ningepata sifa, na yeye angelia. Nikampa alichotaka. Nilimfuata hadi miguu ikapasuka. Leo mnaniambia sikumbeba?"

Mshenga akajifuta jasho. "Mimi nimetumwa kuleta kitambaa, sikutumwa kuamua kesi. Bibi harusi ashike mwenyewe, ampe anayemjua."

"Fikiri vizuri, mjukuu wangu," Bi Arafa akasema. "Utakayemzaa huenda akawa na miguu kama yako. Unayempa kitambaa unampa kazi."

Havintishi akakipokea kitambaa. Akamtazama Tabu, ambaye angali ana udongo kwenye kucha hata siku ya sherehe. Akamtazama baba yake, aliyeinamisha kichwa. Akamtazama mama yake, na mama yake, kwa mazoea tu, alikuwa amekuja kusimama nyuma yake.

Bwana harusi anangoja. Chakula kinapoa. Binti haondoki mpaka kitambaa kiwe begani kwa mtu, na mimi siwezi kumwacha amesimama pale peke yake. Haya, nyinyi mnaomtazama pamoja nami, semeni: amfunike nani ile mbeleko?