Moto Wangu Namwachia Nani

Ingieni, wapendwa, ingieni. Ninyi mliobanana pale mlangoni, huku mbele kuna viti vitupu, ingawa najua viti vya mbele mnaviogopa kama sindano. Kaeni niwasimulie habari ya bwana mmoja aliyekuwa na gitaa, kompyuta na mama. Gitaa na kompyuta bado anavyo mpaka leo.

Bwana huyu alikuwa karani kwenye ghala la mbolea. Kutwa nzima anapokea magunia, jioni akirudi ananawa vumbi na kushika gitaa. Na kipaji alikuwa nacho, tusimnyime haki yake. Chumba kimoja cha nyumba yake alikigeuza studio. Ukutani alibandika trei za mayai ili sauti isirudi, dirishani akatundika blanketi, mezani akaweka kompyuta na maikrofoni. Majirani walimtania kwamba trei zipo tayari, bado kuku tu. Alicheka nao, hakuwa mtu wa kinyongo.

Chumba cha pili alikuwa akiishi mama yake. Na mama yule alikuwa na wimbo. Hapa sikilizeni vizuri, maana bila wimbo huu hakuna habari. Kule milimani alikozaliwa mama, mtu akiondoka nyumbani moja kwa moja, awe binti anayeolewa mbali au marehemu anayetolewa mlangoni, haondoki kimyakimya. Mmoja anasimama kwa niaba yake na kuuliza kwa wimbo, "Moto wangu namwachia nani?" Wanaobaki wanaitikia. Anauliza tena, "Mtungi wangu namwachia nani?" Wanaitikia. Kila swali lina jibu lake, kwa maneno ya wazee wa kule, lugha ambayo watoto wa mjini hawaijui. Na mwiko ni mmoja. Anayeuliza hajijibu mwenyewe. Asipoitikiwa, anarudia swali lilelile, na hawezi kwenda mbele mpaka ajibiwe.

Waliokuwa wakiujua wimbo ule walikwisha kufa, dada zake na shangazi zake. Alibaki yeye peke yake. Siku moja wakila, akamwambia mwanawe, "Baba, nikifa na wimbo huu, na mimi nitatolewa mlangoni kama gunia la mbolea. Urekodi. Na ujifunze kuitikia."

"Nitaurekodi, mama," akasema. "Tena nitaurekodi vizuri kuliko wimbo wowote niliowahi kuupiga."

Alisema kweli kutoka moyoni. Alimpenda mama yake, na ndiyo maana habari hii inauma. Kama angekuwa mtoto mkorofi, tungemlaumu tukaenda zetu nyumbani kula.

Sasa, kwa wale msiojua mambo haya, siku hizi kuna programu za kompyuta ambamo kila sauti inarekodiwa peke yake. Gitaa linakaa kwenye mstari wake, ngoma mstari wake, mwimbaji mstari wake, halafu vyote vinaunganishwa. Mtu mmoja anaweza kuwa bendi nzima akiwa na kandambili chumbani kwake. Rafiki yake mmoja, mpiga kinanda wa kwaya, akamletea programu ndogo kwenye flashi.

"Hii ni rahisi, kaka," akamwambia. "Unabonyeza hiki kiduara chekundu, mama anaimba. Unabonyeza tena, umemaliza. Kwaya yetu tulirekodi na hii hii."

"Mbona mistari yenyewe michache hivi?"

"Kwani mama yako ana midomo mingapi?"

Wakacheka. Bwana akasema basi, tujaribu. Akamwita mama, akamkalisha kwenye kigoda katikati ya trei za mayai, akamvika vile vifaa vya masikioni juu ya kitambaa chake cha kichwa. Akabonyeza kiduara chekundu, akamwashiria aanze.

Mama akafumba macho, akauliza kwa wimbo, "Moto wangu namwachia nani?" Akanyamaza, akisubiri. Mwanawe macho yako kwenye kioo cha kompyuta, anatazama mistari inavyopanda na kushuka. Mama akarudia, sauti imepanda kidogo. Akanyamaza tena. Mwana akamzungushia mkono hewani, endelea, endelea. Mama akafumbua macho.

"Baba, mbona huitikii?"

"Hapa tunachukua sauti moja moja, mama. Wewe imba yako mpaka mwisho, kiitikio nitakiweka baadaye."

"Utakiweka wewe? Kwani unakijua?"

"Utanifundisha."

"Basi njoo ukae hapa nikufundishe. Mimi hapa nimeshauliza, siwezi kuruka."

"Mama, siwezi kukaa hapo na huku naangalia mashine. Jaribu tu."

Mama akajaribu mara ya tatu. Akauliza, akasubiri. Nje jogoo wa jirani akawika, na ndani hakujibu mtu. Mama akasema taratibu, "Haya, baba. Zima. Nimechoka kuuliza."

Bwana akasikiliza alichorekodi, akakunja uso. Jogoo amesikika. Pale mama alipopaza, sauti inakwaruza. Akasema, "Hii ni ya majaribio tu. Programu yenyewe ya kitoto. Subiri nitafute ya maana."

Basi akaanza kutafuta. Wapendwa, mmewahi kumwona mtu anayetafuta? Akapakua programu moja, ikaizidi nguvu kompyuta, ikagoma. Akapakua nyingine, ina vitufe kama chumba cha rubani. Akaacha hiyo, akachukua nyingine. Akawa anamaliza bando zake kutazama mafundi wa mbali wakibishana ipi ni bora. Akajua maneno mengi ambayo hata rafiki yake wa kinanda hakuyajua. Gitaa likaota vumbi. Na mama, kila akipita mlangoni pa kile chumba, anasimama kidogo, anaangalia mgongo wa mwanawe.

"Bado, baba?"

"Bado kidogo tu, mama."

Nawauliza ninyi, mama alikuwa anangoja programu? Yeye aliomba nini? Aliomba mtu wa kukaa naye kwenye kigoda akamwitikia. Jambo lile halikuhitaji hata umeme.

Ikafika jioni moja bwana akatoka chumbani anang'aa. Ameipata! Mistari haina mwisho, sauti safi kama maji ya kisima, kelele zote inazifuta yenyewe. Akakimbilia chumba cha mama, "Mama! Mama, njoo, sasa tuko tayari!" Mama alikuwa ameketi kitandani, amegeukia mlango. Akamtazama mwanawe, akafungua mdomo. Mdomo ukaenda upande mmoja, na sauti haikutoka. Kiharusi kilikuwa kimempata, na hatujui alikaa vile muda gani akimngoja mtu atoke kwenye chumba cha studio.

Hakusema tena. Aliishi kidogo, akilishwa uji kwa kijiko, akimtazama mwanawe kwa macho yanayoelewa kila kitu. Yule bwana alikuwa anakaa naye sasa. Alikaa naye kutwa, mkono wa mama kwenye mkono wake. Lakini sasa hapakuwa na la kufundishwa. Kisha mama akafariki.

Siku ya mazishi turubai limefungwa, watu wamejaa, jeneza liko sebuleni tayari kutolewa. Mzee mmoja wa upande wa mama, shemeji aliyeoa kule, akasema, "Huyu kwao hawatolewi bila wimbo. Nani anaujua?" Watu wakatazamana. Bwana akasimama. Akasema, "Ninao. Ninayo sauti yake mwenyewe." Na katikati ya majonzi yale alijisikia ahueni, walau kitu kimoja alikuwa amemfanyia mama yake. Akaleta kompyuta, akaiunga na spika za kwaya, akafungua ile ya majaribio. Kiduara chekundu, programu ya kitoto. Ndiyo pekee iliyokuwa na sauti ya mama.

Sauti ikajaa nyumba nzima. "Moto wangu namwachia nani?"

Kimya. Watu wakamtazama shemeji. Shemeji akasema kwa kunong'ona, "Mimi nilioa tu kule, kuitikia sikufundishwa." Wakawatazama wajukuu, wajukuu wakatazama chini.

Sauti ikauliza mara ya pili, imepanda. "Moto wangu namwachia nani?" Kimya. Wote wakamgeukia mwanawe. Alikuwa anatafuta kichwani yale maneno ya wazee, na kichwani yalikuwamo majina ya programu.

Yakaja maneno ya mle studio, "Baba, mbona huitikii?" na majibu yake mwenyewe, yale ya mashine na ya baadaye. Watu wote wakayasikia. Kisha mama akauliza mara ya tatu, na kwenye ule ukimya jogoo akawika.

Hapo yule bwana akapasuka. Akaanguka juu ya jeneza akipiga kelele kwa Kiswahili chake cha mjini, "Mimi, mama! Niachie mimi! Mimi nitabaki nao!"

Na spika ikasema taratibu, "Haya, baba. Zima. Nimechoka kuuliza."

Rekodi ikakatika hapo. Wakamtoa mama mlangoni bila wimbo.

Ndugu zangu, jibu lile lilikuwa zuri. Halikuwa la wazee, lakini nina hakika mama angelipokea, angefumba macho akaenda kwenye swali la pili. Kasoro yake ni kwamba alilijibu jeneza.

Na sisi je? Tusimcheke mwenzetu kwa kompyuta yake. Kila mmoja wetu ana kichumba chake chenye trei za mayai. Mwingine anasema, nitamtembelea baba nikimaliza kujenga, ili afikie nyumba nzuri. Mwingine anataka kumwomba mkewe radhi, ila anangoja apate maneno mazuri. Mwingine Mungu anamwita tangu ujana, na yeye anasema Bwana ngoja kwanza nijitengeneze, nije nikiwa safi, nisije na kelele za majogoo. Wapendwa, nani alituomba usafi huo? Aliyetuita alijua jogoo yupo. Alijua sauti zetu zinakwaruza. Alituuliza, akanyamaza, akatuachia nafasi ya kujibu, na nafasi ile tunaijaza na matayarisho.

Wapo hapa wenye mama zao nyumbani wanaosimama mlangoni na kuuliza, bado? Mkirudi leo msiwapelekee zawadi. Kaeni chini kwenye kigoda. Waulizeni wanachotaka kuwafundisha, hata kama hamna pa kukiandika.

Sasa simameni. Mpiga kinanda wetu apumzike, na zile spika zizimwe. Wimbo wa kumaliza nitauanzisha mimi, na sauti yangu mnaijua ilivyo mbovu. Nawaomba kitu kimoja tu. Nikiimba mstari wa kwanza, msiniache peke yangu.