Behewa Refu na Kona ya Mwadime

Ndugu wawili wa Voi waliachiwa na baba yao chumba cha uani. Tangu matanga ya mzee hawakuwa wakisemezana, kwa ugomvi wa shamba. Mkubwa, Mwadime, aliwahi kuwa karani wa stesheni. Mdogo, Nyambu, alikuwa seremala. Kilichowarudisha chini ya dari moja ni kitu cha kuchezea: treni ndogo ya umeme waliyoikuta chumbani humo. Walitaka kuijengea reli juu ya meza, iizunguke meza yote na kurudi ilikotoka.

Mwadime alitandika reli. Nyambu alichonga mabehewa, na la mwisho akalifanya refu kuliko yote, mfano wa lile alimofanyia kazi baba yao alipokuwa relini, pamoja na milango na madirisha yake.

Mwadime alipofika pembeni mwa meza alipiga msumari, akafunga uzi na penseli, akachora kona kama kipande cha duara. Kabla ya kona aliacha reli iliyonyooka, na kando yake akasimamisha stesheni aliyoipaka rangi kwa mkono wake. Reli ilikwenda sawa kama rula, kisha ghafla ikaingia konani.

Walipowasha treni, kichwa kilipita. Mabehewa mafupi yakapita. Behewa refu likaanguka. Walipunguza mwendo, likaanguka. Nyambu aliliongezea uzito, akakaza magurudumu, likaanguka tena.

Mwadime akasema likatwe.

Nyambu alichukua msumeno, akaliegemeza behewa kwenye ukingo wa meza, na uso wake ukajifunga kama ulivyojifunga siku ya kugawana shamba. Mwadime aliuona uso ule, akajua kwamba behewa likikatwa, mdogo wake hatarudi tena chumbani humo.

Hapo likamjia swali ambalo hakuwa amejiuliza. Mbona behewa halikuwa likianguka katikati ya kona, mahali palipopinda sana? Kila mara lilianguka pale kona inapoanza. Akanyoosha mkono, akaliomba. Akapiga magoti, akaweka shavu mezani, akalisukuma kwa kidole, polepole. Akaona magurudumu ya mbele yamekwisha kugeuzwa, na ya nyuma bado yanakwenda sawa. Behewa likavutwa huku na huku, likapanda juu ya chuma, likalala ubavu.

“Mdogo wangu, weka msumeno chini,” akasema. “Hili linajua kupinda. Mimi ndiye niliyetaka lipinde lote kwa mara moja.”

Nyambu akaleta ubao mwembamba. Wakaushika, kila mmoja upande wake, wakaukunja taratibu. Ubao ulianza kupinda kidogo mno, karibu jicho lisione, kisha ukazidi, na wao wakaufuata kwa penseli. Lakini kona ya namna hiyo huanza mbali, na mahali ilipotaka kuanzia palikuwa na stesheni. Mwadime aliing'oa mwenyewe.

Wakatandika upya. Treni ikaja. Behewa refu likaanza kugeuka kabla hawajatambua kwamba linageuka, likapita. Nyambu akacheka kwa sauti, akamwambia kaka yake aizungushe tena.

Nawe unayeongoza nyumba, au darasa, au kusanyiko: yuko nani anayeanguka kila unapogeuka, na je, umewahi kupiga magoti ukatazama anaangukia wapi?