Galme Iliyomrudisha Mmoja

Nyinyi mnaopenda kuamua mambo kabla mtu hajamaliza kusema, leo ninayo kesi yenu. Kaeni. Mimi imenishinda.

Kilifi, kwenye hori, pale bahari inapoingia bara, watu watatu walitengeneza boti moja ya matanga. Zuena alikuwa mchoraji wa vyombo vya baharini, na alichokichora kilielea. Chengo alikuwa fundi wa faiba, ndiye aliyejenga mwili wa boti. Mzee Badi alishona matanga. Boti ilikuwa ya Bi Mwanakheri, mjane, na wanawe wawili, Twalib na Sudi, ndio waliosafiri nayo.

Zuena alichora milingoti miwili: mrefu katikati, na mfupi nyuma kabisa, nyuma hata ya usukani. Huo mfupi ndio wa galme. Wenzake walimcheka, wakamuuliza kijiti hicho ni cha kuanikia nguo za nani. Akasema upepo ukizidi, tanga kubwa lishushwe, libaki la mbele na la galme, na boti itatulia.

Chengo alianza na useremala wa mbao, kwa hiyo faiba hakuiamini hata siku moja. Mchoro ulisema tabaka nane, yeye akatandaza kumi na mbili. Zuena alilalamika kwamba boti itakuwa nzito na itageuka polepole. Chengo akamwambia nyembamba ndiyo hupasuka, akaendelea kupaka.

Mzee Badi kila mshono aliupitia mara tatu. Tanga la galme, dogo kuliko yote, lilimchukua wiki mbili, mpaka mkewe akamuuliza kama ameoa mke wa pili humo ndani ya turubai.

Mwezi wa saba ndugu wale walikuwa wakirudi kutoka Pemba. Mchana upepo ukapanda ghafla, wakashusha tanga kubwa kama walivyofundishwa. Kamba ya galme ikakwama, tanga likajaa upepo, boti ikawa haishikiki. Tanga la fundi mwingine lingechanika pale, na hatari ingeishia hapo. La Mzee Badi halikuchanika. Ikabidi Twalib aende kuifungua ile kamba, na mlingoti ule uko mwisho wa boti, hakuna pa kushika. Kamba ilifunguka, na wimbi likamchukua.

Sudi akaigeuza boti amfuate nduguye. Ikageuka polepole. Alipofika mahali pale palikuwa na maji tu. Alizunguka mara nyingi, mwishowe akaacha. Karibu na Kilifi boti ikagonga mwamba, haikupasuka. Galme ikamshikia njia, tanga likavuta, akafika nyumbani mzima.

Bi Mwanakheri hakulia. Watu walimletea chakula, akakiangalia. Waliompa pole aliwaitikia kwa adabu, kisha akawauliza tena majina yao. Siku ya arobaini, khitma ilipokwisha, aliwaita mafundi wote watatu barazani. Alisema boti ile hawezi kuiangalia, ataitoa.

"Aliyenirudishia Sudi aichukue," akasema. "Ni haki yake. Lakini kabla hajaichukua aniambie, Twalib nimdai nani?"

Chengo akaangalia viatu vyake. Mzee Badi akavua kofia, akaivaa tena. Ni Zuena aliyejaribu. Alisema bila galme Sudi asingerudi, halafu akasita, kwa sababu alijua Twalib alikuwa amesimama wapi wimbi lilipomchukua.

"Sina hasira, mwanangu," Bi Mwanakheri akamwambia. "Sina chochote. Nataka kujua tu."

Waliinuka mmoja mmoja, wakaaga. Boti bado imefungwa pale horini, na Sudi hapiti upande ule.

Haya, wepesi wa kuamua, zamu yenu. Boti apewe nani? Na huyo mtakayemtaja, mtamtuma kwa yule mama na jibu gani?