Sikio la Ngazi Lisilopakwa Rangi

Hii imenifikia nikiwa nasubiri maharage yaive. Ukimaliza kuisoma, usikae nayo peke yako.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu, ambako karibu kila mtu anaishi kwa mbao, palikuwa na tajiri wa malori aitwaye Lwimbo. Alianza maisha kama seremala. Mikono yake ilikuwa bado ya seremala, ila tumbo lilikuwa la mwenye malori kumi na mawili.

Ukungu wa huko hauna huruma na chuma. Ngao za mbele, masanduku ya vifaa, ngazi za kupandia, vyote vilikuwa vimeshikwa na kutu. Lwimbo akatangaza kwamba anatafuta fundi mmoja wa kuvikwangua na kuvipaka upya rangi nzito ya kukinga kutu, lori baada ya lori. Atakayeipata kazi hiyo atapewa na kibanda cha bati ndani ya yadi.

Waliojitokeza ni wawili. Wa kwanza alikuwa Chaula, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Wa pili alikuwa Mama Atupele, aliyefanyia kazi kando ya barabara chini ya turubai lililotoboka. Zilibaki wiki tatu masika yaanze, na rangi haikauki kwenye mvua. Bila kile kibanda, yeye na watoto wake wangekaa mpaka mvua ziishe bila kazi.

Lwimbo alifungua ngazi mbili za lori moja. Ya kushoto akampelekea Chaula. Ya kulia, upande wa dereva, akampelekea Mama Atupele. Akasema azione siku ya tano, na itakayompendeza ndiyo itakayochukua kazi.

Aliyezibeba ni Mwampashi, mlinzi wa geti. Mwaka uliopita huyu Mwampashi alikuwa dereva wa lori hilohilo. Siku moja alianguka wakati anapanda, akavunjika mguu. Alisema ngazi ilicheza alipoikanyaga. Watu wakaenda kuitazama, wakaikuta imesimama pale pale, nyeusi, inang'aa. Lwimbo akasema Mwampashi alipanda na malapa, kwa hiyo ni uzembe wake. Mguu ulipona, lakini usukani hakurudishiwa. Dereva aliyemfuata alizoea tu kupandia mlango wa kushoto.

Chaula alimaliza siku hiyohiyo. Alipitisha brashi juu juu, akaziba matundu, akapuliza rangi mara mbili, akaitundika ngazi kwenye nguzo ili kila apitaye aione. Kisha akaenda kumtembelea mwenzake.

"Mama Atupele, hiyo ngazi unaisafisha au unaiogesha? Ingekuwa mtoto ingeshalia."

"Yako ikilia hutaisikia," alijibu bila kuinua kichwa. "Umeshaiziba mdomo."

Kila asubuhi Mama Atupele alisubiri jua lifukuze ukungu kabla ya kugusa kazi. Chuma cha huko hutoka jasho alfajiri, na ukipaka rangi juu ya jasho unaifungia kutu ndani. Alikwangua kwa brashi ya waya, akapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akafuta, akapaka rangi ya kwanza, akaiacha ikauke. Majirani walisema anapoteza muda.

Siku ya tatu alifika kwenye sikio la ngazi, pale bolti zinapoingia. Brashi ikazama. Chini ya rangi ya zamani hapakuwa na chuma, palikuwa na uji mgumu wa vumbi la mbao na gundi. Uji ule ulikuwa umekunywa maji ya mvua na ukungu muda wote huo, na chuma kikaliwa kutokea ndani. Kilichobaki kilikuwa chembamba kama mfuniko wa kopo.

Mama Atupele alikaa chini. Alijua angeweza kujaza tena, akapaka juu, na hakuna ambaye angeona kabla masika hayajaisha. Alilitazama turubai lake. Kisha akafikiria mtu atakayekanyaga pale akiwa na uzito wake wote.

Si kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa amechoka tu, na alijua kwamba kazi ya uongo hurudi kufanywa mara ya pili. Akapaka ngazi yote rangi nzito, akaliacha lile sikio wazi, akalizungushia duara la chaki.

Siku ya tano watu wa yadi walikusanyika. Ngazi ya Chaula ilikuwa kama kioo. Ya Mama Atupele ilipofunuliwa, wakacheka. Chaula akauliza kama rangi iliisha au ndio mtindo mpya wa mjini.

Lwimbo hakucheka. "Nilikupa ngazi upake," alisema. "Sikukupa uchague pa kupaka."

"Nimepaka palipo na chuma, Mzee. Hapo hakuna chuma."

Lwimbo alitoa ufunguo mfukoni, akachokonoa ndani ya duara. Uji mkavu ukamdondokea kiganjani. Akausaga kwa vidole, polepole, kama alivyofanya miaka mingi kwenye meza ya useremala. Vumbi la paini, gundi, na masizi kidogo ili rangi ifanane.

Kwenye yadi ile ni mtu mmoja tu aliyejua kuchanganya hivyo. Ni mchanganyiko wa seremala wa zamani wa kufichia matundu ya misumari kwenye kabati. Ndipo Lwimbo akakumbuka. Msimu mmoja wa mizigo, kabla Mwampashi hajaanguka, aliona ufa kwenye sikio lile, hakutaka lori lilale hata siku moja, akaujaza mwenyewe na kujiambia ni kwa muda tu. Kisha akapaka rangi juu, na akasahau.

Uso wake ulisema yote, na waliomfanyia kazi miaka mingi waliuelewa.

Mwampashi alikuwa amesimama karibu na geti.

"Bosi," alisema, "siku ile nilivaa viatu."

Lwimbo alikung'uta kiganja. Alimwambia Mama Atupele ahamishie vyombo vyake kwenye kibanda, aanze na ngazi zote, na kila atakapokuta pamekufa aweke chaki bila kumuuliza mtu. Chaula alichukua ngazi yake akaondoka. Njiani aliikwaruza kwa ukucha, na rangi ikabanduka kipande kizima, kama ganda la yai.

Lwimbo alibaki na ule ufunguo mkononi. Ulikuwa wa lori lilelile. Aliufuta vumbi kwenye suruali yake, akatembea mpaka getini, mbele ya watu wote, akampa Mwampashi.

Funzo: Mng'ao si ushahidi. Kabla hujamlaumu aliyeanguka, kwangua kwanza pale alipokanyaga. Huenda utakuta kazi ya mikono yako.