Dubu Aliyeahidiwa Nyumba Moja

Niwaletee hadithi, enyi mliokaa?
— Ilete, tuipime.
Nikiitia chumvi?
— Tutaitema.

Mashahidi wote, marafiki kwa maadui, walikubaliana katika mambo matatu. Kwamba katika nchi ya theluji alitawala Dubu, ambaye ukoo wake ulikuwa umetawala miaka mia tatu. Kwamba alichokibandikia kiganja juu ya gamba la mti kilikuwa sheria, wala hapakuwa na wa kukitengua, hata yeye mwenyewe. Na kwamba alikuwa na mwana mmoja, ambaye akichomwa na mwiba damu haikukoma kutoka. Mengine yote yana ubishi.

Inadaiwa kwamba Dubu alikula mno. Nafaka ya ghala la wote aliiita yake. Wanyama walipopanga foleni ya mkate, alibandika kiganja, pwaa, foleni ikawa kosa. Walipolia, akabandika, pwaa, kilio kikawa kosa. Kisha akaenda vitani pamoja na mwanawe, akawaachia mbwa mwitu ulinzi wa ghala. Nao walikuwa na njaa. Panya akawauliza swali moja tu: wanamlindia nani chakula hicho? Kabla ya adhuhuri mlango ulikuwa wazi.

Dubu alipopata habari alimchukua mwanawe, akapanda sleji, lile gari lisilo na magurudumu, akarudi juu ya barafu, kra, kra, kra. Katikati ya njia kulungu waliomvuta wakasimama. Mbele yao alikuwapo Panya, mdogo kuliko ukucha wa Dubu, amebeba gamba la mti.

Dubu angeweza kumkanyaga. Hilo halibishaniwi. Lakini alimtazama mwanawe, aliyelala na goti lililovimba, akasikiliza. Panya alimweleza kwa adabu kwamba fujo zingekoma iwapo angemwachia mwana kiti. Dubu akaona ni haki. Akabandika: pwaa.

"Mtukufu," akasema Panya, "mfalme mpya hakai na mfalme aliyejiuzulu. Wewe utapelekwa mbali. Nani atamfunga jeraha?"

Dubu alilifunika goti la mwanawe. "Chukueni vyote," akasema. "Niachieni mtoto tu."

"Basi mwondolee na yeye kiti. Mtakaa pamoja, nyumba moja."

"Unaahidi?"

"Naahidi nyumba moja."

Akabandika: pwaa. Papo hapo kulungu wakajitoa kambani, wakaenda zao, kwa kuwa walikuwa wa mfalme, na mfalme hakuwapo tena. Dubu akanyoosha mkono alitwae gamba.

"Halitenguliki, bwana," akasema Panya. "Hata wewe huwezi. Ndivyo ulivyotaka."

Ahadi ilitimizwa neno kwa neno. Nyumba ilikuwa moja, madirisha yake yamepakwa chokaa. Nje njaa ilibaki ilivyokuwa. Panya peke yake alinenepa. Ndani, mtoto aliuliza watatoka lini. Baba alisema atauliza.

Siku moja waliambiwa wavae, wanahamishwa. Dubu alimbeba mwanawe, kwa kuwa goti halikumruhusu kutembea. Nyayo zilizoingia katika chumba cha chini zilikuwa nyingi. Zilizotoka zilikuwa za mbwa mwitu peke yao.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokauka. Mwenye shahidi mwingine amlete. Funzo lake, kwa watoto, ni hili: mwaminini kila mdogo anayezungumza kwa adabu. Kama funzo hilo linatokana na ushahidi mliousikia, au halitokani nao, amueni ninyi.